Uzio wa Matete Nyuma ya Zahanati

Nyuma ya zahanati ya zamani ya Kinama, hapa Bujumbura, palikuwa na bustani ya mboga ambayo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya akina mama wa mtaa, na mboga zake hazikupelekwa sokoni. Mwanamke akijifungua, alipelekewa kapu kutoka pale mpaka apate nguvu za kutoka nje: mnavu, lengalenga, mgagani, majani ya maboga, na ntore, zile nyanya chungu ndogo nyeupe ambazo mama yangu alisema zinarudisha damu. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi wala ametoka ng'ambo gani ya mpaka. Akisha kuzaa, kapu linakwenda.

Mama ndiye aliyesimamia bustani hiyo. Mimi nilikuwa kitinda mimba, na kazi yangu pale ilikuwa kucheza na kula. Nakumbuka harufu ya matete yaliyolowa mvua. Nakumbuka jua la asubuhi likipenya kwenye uzio na kuchora mistari mgongoni mwa mama, juu ya kitenge chake, naye ameinama haoni kwamba namtazama. Niling'ata ntore mbichi nikatema, na kesho yake nikang'ata tena, kana kwamba uchungu ungekuwa umekwisha usiku. Nilikua nikidhani kila mji una bustani ya namna hiyo.

Kisha ikaja ile miaka mibaya ya vita. Tulihama, majirani wakahama, na waliobaki waling'oa uzio wakaupikia, na kwa hilo siwezi kumlaumu mtu. Tuliporudi, mama alikwenda pale mara moja tu. Alisimama, akaangalia magugu na vyuma vilivyotupwa, akarudi nyumbani kushona mkeka wake. Hakuitaja tena mpaka alipofariki. Mahali pale pakawa jaa la takataka.

Miaka mingi ikapita hivyo. Jumamosi moja, tulipokuwa kwenye kazi za pamoja za kusafisha mtaa, mkuu wa kartie, kiongozi wetu wa mtaa, alituuliza jaa lile tulifanyie nini. Wengine walitaka maegesho ya pikipiki. Jirani yangu mmoja, fundi magari mstaafu, mtu asiyependa maneno mengi, akasema pale palikuwa na bustani ya akina mama na yeye mwenyewe alilelewa na mboga zake, kwa sababu mama yake alizaa mapacha na kapu likaja mara mbili. Watu wakacheka. Lakini hakuna aliyetaja pikipiki tena.

Basi tukajitolea. Mimi, fundi, wauguzi wawili wa zahanati, na mama mmoja wa Uvira ambaye huuza ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na nyumbani kwangu. Yeye hakuiona bustani ile, alikuja Bujumbura baadaye sana akikimbia vita vya kwao ng'ambo ya mpaka. Lakini aliposikia tunatafuta mgagani wa zamani, ule mwembamba wenye uchungu na si huu mnene wa sokoni, alituma habari kwa dada zake, na mbegu zikaja zimefungwa kwenye kona ya leso. Ntore nyeupe tulizipata kwa bibi mmoja wa Gasenyi aliyekuwa akizipanda nyuma ya choo chake miaka yote bila kujua kwamba mtu anaweza kuzihitaji.

Tulizoa taka wiki nyingi. Udongo ulipoanza kuonekana mweusi tukakubaliana kwamba uzio utakuwa kama ule wa zamani, si mabati wala seng'enge. Fundi alijua nguzo zake: matawi ya mivumu, yale ambayo ukiyachomeka ardhini yanaota na kuwa miti. Matete tuliyaleta kutoka bonde la Rusizi kwa gari la kuazima. Nikawaambia wenzangu kwamba uzio ulikuwa mrefu, unampita mtu mzima, na ndani yake ilikuwa kama nyumba isiyo na paa. Nilisema kwa uhakika kabisa. Nani angebisha? Mimi ndiye mtoto wa aliyesimamia bustani.

Shida ilikuwa kufunga. Tulisimamisha upande mmoja mzima, matete yamebanwa katikati ya fito na kukazwa kwa kamba za migomba, na upepo wa jioni kutoka ziwani ukaulaza kama mkeka. Tulisimamisha tena. Safari hii haukulala, ila ulipinda, na watu waliopita walitupa pole kama wafiwa.

Ndipo nikampigia simu dada yangu. Ananipita miaka mingi na anaishi Buyenzi tangu alipoolewa. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga uzio pamoja na mama. Nilikuwa nimeshamwambia habari za bustani mwanzoni kabisa, akanijibu kwamba ana magoti mabaya. Nilipomwambia tena, akasema ana wageni. Mara ya tatu akasema atakuja kuangalia tu.

Alikuja amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kwenye akdi. Aliuzunguka ule upande tuliousimamisha, akaugusa kwa ncha za vidole.

"Nani alisema ulikuwa murefu hivi?" akauliza.

Nikasema ni mimi. Ninavyokumbuka, haukuonekana mwisho wake.

"We ulikuwa mutoto," akasema. "Hata meza ilikuwa ndefu kwako." Akaweka mkono kifuani pake, chini kidogo ya shingo. "Ulifika hapa. Mama alitaka mwanamuke aliyezaa akipita, amuone, amuulize amelala vipi. Na mutoto walikuwa wanamupitisha juu ya uzio, ili mama yake asizunguke mpaka mulangoni."

Hilo sikulikumbuka. Lakini aliposema, fundi akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, mama yake alimweleza kwamba yeye na pacha wake walipitishwa juu ya matete siku ya kwanza kutoka ndani. Akachukua panga akaanza kukata. Kuona kazi yetu ya wiki mbili ikishuka vile kuliniuma, lakini mwanga ulipoingia bustanini nikajua dada amesema kweli.

Wenzetu walipokwenda kula, tukabaki wawili. Nikamwambia kwa furaha kwamba nilikuwa najua tu akija kila kitu kitarudi kama zamani. Dada akawa anachambua kamba za migomba, hanitazami.

"Mi sitaki irudi kama zamani," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Maji ya bustani hii nani alikuwa anayachota? Asubuhi, mbele ya kwenda shule. Jioni, nyuma ya kutoka shule. Kisha mama akaona ninachelewa kila siku, waalimu wananirudisha, akasema basi, baki tu. Shule yangu iliishia hapa, katikati ya lengalenga. Watu walimusifu mama mpaka anakufa. Mi pia namusifu. Lakini ukiniambia bustani, we unasikia harufu ya matete. Mi nasikia bidoni ya maji kichwani."

Tulilelewa nyumba moja, tulikula sahani moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yeye aliacha shule mapema na mimi nikaendelea. Nilidhani hakupenda kusoma. Nilimuuliza kama angependa tuiache kazi hii. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kipuuzi.

"Apana. Akina mama wanazaa bado. Lakini muweke maji hapa hapa."

Wenzetu waliporudi niliwaeleza kwamba tuweke tangi la maji. Muuguzi mmoja alisita, akasema bustani ya zamani haikuwa na tangi na sisi tulisema tunairudisha ilivyokuwa. Mama wa Uvira akamjibu kwamba anayeona tangi linaharibu sura aende yeye mtoni. Yakaishia hapo. Mkuu wa kartie aliruhusu mfereji uwekwe kwenye paa la zahanati, na fundi akatengeneza tangi kwa mapipa ya mafuta aliyoyaosha mpaka yakaacha kunuka. Maji ya mvua sasa yanateremka yenyewe mpaka kwenye matuta.

Dada aliufunga uzio wote, magoti mabaya na yote. Alitufundisha kupishanisha kamba na kuzikaza zikiwa mbichi, ili zikikauka zijikaze zenyewe. Mahali penye lango aliacha vichwa vya matete bila kuvikata, vikawa vinatikisika juu kama manyoya. Sikumbuki kama mama alifanya hivyo. Sikuuliza.

Mavuno ya kwanza yalikwenda kwa binti mmoja wa mtaa wetu aliyejifungua mtoto wa kike, uzazi wake wa kwanza, mume wake yuko kwenye meli za mizigo za Kigoma. Tulimpelekea kapu mimi na dada na mama wa Uvira. Tulipofika jikoni kwake ukazuka ubishi: dada anataka mgagani uchemshwe na maji yamwagwe, mama wa Uvira anataka uchungu ubaki, maana ndiyo dawa yenyewe. Walibishana mpaka mtoto akaamka. Mwisho walipika sufuria mbili. Binti yule, akiwa ameegemea ukuta, alikula ya huku akala na ya kule, akasema zote ni tamu, nao wote wawili wakamwambia anadanganya.