Theluji ya Kria Bado Haijapita

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Steinvör Ketilsdóttir anatoka mbio kwenye banda la kondoo. Ametoka kuzalisha, mikono yake ingali na utelezi, anajifuta kwenye suruali huku akielekea nyuma ya nyumba. Hapo kuna kisanduku cheupe kilichosimama juu ya miguu minne. Anafungua kijimlango chake, anainama, anasoma kipimajoto.

Nyuzi tisa. Jua limetanda bonde zima na majani mabichi yameanza kuchomoza kando ya mto.

"Jua hili lisikudanganye," anasema huku akiandika kwenye daftari. "Mimi lilishanidanganya."

Mama huyu wa miaka hamsini na minane ana kazi mbili hapa kaskazini mwa Iceland. Ya kwanza ni kufuga kondoo, anao 214. Ya pili, ambayo malipo yake kwa kauli yake mwenyewe hayajazi hata tangi la trekta, ni kupima hali ya hewa. Mara tano kwa siku, kwa miaka ishirini na sita sasa, iwe Krismasi au msiba, hupima joto, mvua na mgandamizo wa hewa. Mawingu huyakadiria kwa macho. Kisha huipigia simu ofisi ya utabiri kule mji mkuu, na redio husoma hali ya siku zijazo kwa kanda nzima.

Ila ikifika mwisho wa Mei, watu wa bonde hili redio huiweka kando. Wanampigia Steinvör.

Swali lao ni moja tu: theluji ya kria imeshapita? Kria ni yule ndege mweupe mwenye kofia nyeusi ambaye hurudi hapa kila katikati ya Mei kutoka upande wa pili wa dunia. Akishatua, kila mtu anajua kwamba imebaki theluji moja ya mwisho. Kabla haijaanguka, hakuna mwenye akili anayemtoa nje mwanakondoo wa siku tatu, maana akilowa kwenye upepo wa kaskazini hafiki jioni. Ikishaanguka, basi, kiangazi kimeingia.

Tabu iko kwenye kuitambua. Mwaka huu kria walitua tarehe kumi na nne. Jumapili iliyopita kukaanguka theluji kidogo, ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Je, ndiyo hiyo? Simu imelia asubuhi nzima. Mabanda yamefurika, kondoo wanakanyagana, na nyasi kavu zinakwisha. Steinvör mwenyewe amebakiza marobota kumi na moja, ya siku nne kama atayabana.

Kila anayepiga, Steinvör anamjibu vilevile: asubiri Jumamosi.

Jirani mmoja tu ndiye hapigi, Oddur wa ng'ambo ya mto. Hajapiga kwa miaka kumi na mmoja, na Steinvör hamlaumu. Mwaka ule nao ilianguka theluji ndogo kama hii, na yeye akautangazia umma kwamba ndiyo hiyo, mambo yamekwisha, fungueni milango. Walifungua. Siku ya tatu ikaja yenyewe hasa. Steinvör alipoteza wanakondoo arobaini na mmoja, Oddur akapoteza sitini na wanane, wengine aliwakuta wamegandiana na mama zao. Tangu hapo wakikutana kanisani husalimiana kwa kichwa tu.

"Sikuwa najua, lakini nilisema kama ninayejua," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana Jumatano hii, redio inapotangaza upepo wa kaskazini na theluji "milimani tu" kwa siku ya Alhamisi, Steinvör hatulii. Mgandamizo wa hewa unashuka tangu alfajiri, na unashuka haraka, dalili ya dhoruba. Anarudi kwenye kipimo mara nne kabla ya saa sita. Binti yake Hallbera, aliyekuja likizo kusaidia kuzalisha kondoo, anamtania kwamba kile kipimo kitaomba talaka.

Ghafla Hallbera, aliyesimama dirishani, ananyoosha kidole ng'ambo ya mto. Oddur yuko mlangoni mwa banda lake, anang'oa mbao za kuzuilia.

Steinvör anasimama na kikombe cha kahawa mkononi. Mtu yule ameishiwa nyasi, hilo halina ubishi, ameiamini redio na hilo jua. Je, ampigie? Na theluji ikiishia milimani kweli? Atakuwa amemkosesha mara mbili, na mara ya pili haisameheki.

Anapiga. Simu inapokelewa.

"Oddur, ni mimi," anasema. "Usiwatoe. Naona itafika hadi chini bondeni kesho. Sina hakika, lakini hivyo ndivyo navyoona. Kama nyasi huna, njoo uchukue zangu."

Upande wa pili simu inakatwa.

Mama na binti wanabaki dirishani, hata kahawa imepoa. Dakika kumi zinapita. Kisha Oddur anaokota ubao mmoja, anaurudishia mahali pake, anaokota wa pili. Hallbera anamkumbatia mama yake mpaka kahawa inamwagika.

Alhamisi mchana mlima wa kaskazini unapotea kwanza, kisha kanisa, kisha mto. Theluji inakuja kwa ubavu, nzito, yenye majimaji, na kufikia saa tisa imefika kwenye kifundo cha mguu. Mgeni angedhani watu hawa wamerukwa na akili, maana bonde zima linasherehekea. Wanapigiana simu kupongezana. Steinvör anazunguka kisanduku chake, nywele zimejaa theluji, anacheka peke yake.

"Ndiyo hii," anasema. "Hii sasa ndiyo yenyewe."

Ijumaa upepo unatulia. Jumamosi saa tatu kipimajoto kinasoma nyuzi kumi na tatu, upepo wa kusini, na maji yanatiririka kila mahali. Steinvör anafungua milango yote miwili. Kondoo wakubwa wanatoka kwa heshima zao, lakini watoto, ambao hawajawahi kuliona anga, wanasimama kizingitini wakipepesa macho. Mmoja anaruka, miguu yote minne hewani. Halafu wote.

Katikati ya patashika hiyo simu inalia mfukoni. Ni Oddur. Anasema naye amefungua, wote wazima, wanaruka kama vichaa. Kisha anakohoa kidogo na kumuuliza siku zijazo zitakuwaje, kwani anataka kuwapandisha malishoni juu.

Steinvör anajiegemeza kwenye mlango. Machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Kesho upepo wa kusini, jua," anamwambia. "Jumatatu mvua nyepesi, ya kunywesha majani. Jumanne sijui. Nikikwambia sijui, Oddur, ujue sijui."

Mara hii simu haikatwi.

"Hiyo sijui," anasema Oddur, "ndiyo niliyokuwa naitaka mwaka ule."

Baada ya simu hiyo, Hallbera anamuuliza mama yake ana mpango gani kwa msimu huu. Hafikirii sana.

"Kesho nikishasoma kipimajoto, ofisi itasubiri dakika moja," anasema. "Nitaanza kumpigia Oddur."