Bunduki Iliyovuta Kulia

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Salvatory alisimama mlangoni akafumba jicho la kushoto, akautazama msalaba juu ya paa la kanisa. Kisha akafumba la kulia. Msalaba ukionekana na mikono yake yote miwili, alitabasamu kidogo. Ukionekana na ukungu, aligeuka akaenda kuchochea moto. Binti yake Noela alimwona akifanya hivyo tangu akiwa mdogo, na hakuwahi kuuliza. Alijua kuwa jicho lile ndilo lililowalisha.

Salvatory alikuwa fundi. Baiskeli alitengeneza, pampu za maji alitengeneza, lakini kilichompa jina kutoka Idete hadi Malinyi ni bunduki. Ujanani alibeba silaha za wageni kwenye kambi ya uwindaji ng'ambo ya mto. Huko akajifunza kuzifungua na kuzifunga, na zaidi kuipatanisha darubini na mtutu, vitazame mahali pamoja. Kambi ilipofungwa alirudi na bisibisi zake na neno moja asilochoka nalo: "Bunduki haikosei. Inapiga inakotazama."

Msimu huo kiboko dume alihamia kwenye matete, chini ya mashamba ya mpunga. Giza likiingia anapanda, alfajiri anashuka, na alikopita panabaki matope matupu. Shamba lililokuwa karibu naye kuliko yote ni la Noela na mumewe, Gosbert. Gosbert alilala dunguni akipiga debe usiku kucha, na kiboko alikula huku akisikiliza debe. Walikuwa na mtoto ambaye hata kutambaa bado, na chakula cha mwaka mzima kilikuwa pale pale shambani.

Ndipo akaja Raimundi, askari wa wanyamapori, kwa pikipiki kutoka Ifakara. Bunduki ameifunga kwenye keria.

"Shikamoo, mzee Salva."

"Marahaba. Hiyo umeibeba kama kuni?"

"Barabara ndiyo hii hii, mzee. Sasa inavuta kulia. Juzi nimemkosa nguruwe, amesimama kama anapigwa picha."

Masanja, jirani Msukuma aliyekuja kuziba pancha, akaangua kicheko. "Labda nguruwe ndiye aliyevuta kushoto!"

Salvatory hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Kiboko akifa, basi, amekufa. Akijeruhiwa anajificha kwenye matete kando ya njia, na njia ile anapita binti yangu na mtoto mgongoni. Hii huipati mpaka niwe na hakika nayo."

Akaketi chini. Skrubu za bangili zinazoshika darubini zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko wa njia. Alizitoa, akazifuta, akazikaza moja moja kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, ili bangili isikae upande. Kwenye mtutu, karibu na mwisho wa ubao unaoushikilia, paligandia alama nyeusi za mpira. Akazisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zikatoka, akaendelea na kazi.

Masanja akapeleka kipande cheupe cha gunia, akakibandika kwenye kichuguu. Salvatory akachomoa komeo la bunduki, akailaza juu ya gunia la pumba, akachungulia ndani ya mtutu kwa nyuma. Kitambaa kilikaa katikati ya tundu kama mboni. Akainua kichwa, akatazama kwenye darubini bila kuigusa bunduki. Msalaba wa kulengea uliomo humo ulikuwa kushoto, kwenye nyasi tupu.

"Unaona? Hiki kinatazama kwake, na hiki kwake. Kama mke na mume waliogombana."

Akafungua vifuniko vya darubini, akazungusha skrubu zilizo chini yake taratibu, ki, ki, ki, kama mdudu anayetafuna mbao, mpaka msalaba ukaja wenyewe juu ya kitambaa. Raimundi akapiga. Risasi ikagusa ukingo. Salvatory akazungusha tena. Mbili za mwisho zikatoboa matundu yaliyopakana.

"Mchawi wewe!" Masanja, aliyekwenda kukagua, alipiga kelele kutoka kwenye kichuguu. "Nyie Wandamba mnakula samaki mpaka macho yanakuwa ya kwao!"

Jioni, Noela alipokuwa akifunga nguo ya mtoto, alimuuliza, "Baba, kweli leo anakufa?"

"Anakufa."

Usiku risasi ililia. Kimya. Kisha ikalia ya pili, na Salvatory akaketi kitandani. Risasi moja ni nyama. Mbili ni maneno.

Lakini Gosbert dunguni alisikia nyama tu. Nyama ya kiboko haimngoji aliyechelewa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kulipoanza kupambazuka, kabla Raimundi hajafika upande ule kuzuia watu, alishuka na panga na tenga, akafuata damu hadi kwenye matete. Walimtoa huko wakiwa wamemfunika kwa khanga mbili, kwa sababu moja haikutosha.

Salvatory alimkuta Raimundi ameketi kwenye tuta, bunduki magotini.

"Nililenga sikio, mzee. Haki ya Mungu, sikio. Ikaingia shingoni, chini huko."

Salvatory aliitazama bunduki. Chini ya mtutu palikuwa na tochi, imefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, umevutwa mpaka umewamba, umezunguka mtutu na ubao pamoja. Akapitisha kidole. Mtutu ulikuwa umebanwa chini.

"Ulifunga hivi lini?"

"Jana jioni. Usiku bila tochi utaona nini? Miaka yote tunafunga hivyo."

"Mchana haikuwapo."

"Hukuuliza, mzee."

"Sikuuliza," Salvatory alisema. Alikiangalia kidole chake, kimeshika weusi wa mpira. Weusi ule ule aliousugua kwa mafuta ya taa.

Walimzika Gosbert. Raimundi akaenda Ifakara na bunduki kutoa taarifa, akasema wenzake wanakuja. Hawakuja. Matete yaliguna usiku, na mchana hakuna aliyethubutu kupita njia ile. Mpunga ukaiva, ukaanza kupukutika.

"Kesho naenda kuvuna," Noela alisema.

"Huendi."

"Nitamlisha nini huyu? Matanga?" Hakupandisha sauti. Tangu mazishi hakuwa ameipandisha. "Ulisema anakufa, baba."

Salvatory alifukia makaa kwa majivu. Kisha akasema, "Nitatangulia mimi. Nikikuita, ndipo uje."

Asubuhi alichukua panga la Gosbert na mkuki wa kambare, akapita kando ya kichuguu, akashuka njia ya mtoni bila kugeuka. Noela alisimama ukingoni mwa shamba, mtoto mgongoni, kisu cha kuvunia mkononi, akingoja kuitwa. Matete yalitikisika mahali pamoja, yakatulia. Umande ukakauka. Ndege wakashuka kwenye mpunga, na hakuwafukuza. Jua lilipoanza kushuka Masanja alikuja na vijana wake, wana mikuki na mbwa, akamkuta bado amesimama pale pale.

"Ameita?" aliuliza Masanja.

Noela akatikisa kichwa kuwa bado.