Ng'ombe wa Mahari Walivyokula Ukuta wa Baba

Ng'ombe wa mahari yangu walikula nyumba yetu.

Leo sokoni Geita, ninapouza nyanya, nimemwona yule bwana aliyetaka kunioa, nyumbani Shinyanga, miaka ya sabini.

Baba alikuwa amejenga kwa udongo aliochanganya na mashudu ya pamba, yale wanayolishwa ng'ombe, na chumvi. "Matofali ya kisasa haya!" alijisifu.

Washenga wa yule bwana wakaja, wakafunga ng'ombe wa mahari ubavuni mwa nyumba, wakakaa uani kujadiliana. Ng'ombe wakaulamba ukuta, kisha wakautafuna.

Ukaanguka, jamani! Nyuma yake nilikuwa mimi, nimechuchumaa, natega sikio.

Mshenga mmoja alicheka mpaka akatoa machozi. "Mzee, ng'ombe wetu wameshashiba. Tunarudi nao."

Wakarudi nao kweli. Posa ikaishia hapo.

Leo bwana kasimama mezani kwangu, hakunitambua. Nikamfungia nyanya zilizooza.

Nimekosea?