Sura ya Tano

Jirani yangu wa karakana, hapa mjini Al Amerat, huchonga madele ya kahawa na vyetezo vya ubani, vikubwa, vya mawe, vya kupamba barabara. Mikono yake imepasukapasuka. Vumbi hulipuliza kwa mdomo, ingawa mashine ya upepo anayo, na husema kwa sauti ya chini kama mtu aliyetoka kuugua. Mwaka huu mji mmoja wa Ulaya ulimpa kazi ya mnara wa kuwakumbuka watu waliofungwa au kufukuzwa makwao kwa sababu walipenda wenzao wa jinsia moja. Aliniambia mimi tu, tena baada ya kufunga mlango. Alichonga sura tano za marumaru. Nne alizitoa kwenye picha alizotumiwa, lakini ya tano haikuwa na picha. Mwenye sura hiyo, mchongaji alimwona mara moja tu, utotoni.

Alasiri moja mama yake aliingia kumletea chakula. Alizipita sura nne, akasimama mbele ya ile ya tano.

“Huyu nnamjua. Si kakangu Muhanna huyu?”

Mchongaji aliweka patasi chini. Kwao jina hilo halikuwa limetajwa tangu babu yake alipomfukuza mjomba huyo.

“Ndiye, mama.”

Mama alipitisha kidole juu ya macho ya jiwe. “Nyusi zake zilikutana, mwanangu. Hapa hukupata.”

Gari lilisimama nje.

“Mfunike,” alisema. “Babako huyo kaja.”

Mchongaji alivuta turubali. Aliyefunga kamba ni mama.