Mikono ya Achieng

Nakumbuka siku moja ya kutembelea watoto, mwanangu, na hata sasa naisimulia kwa aibu. Ilikuwa miaka ya themanini. Mdogo wangu Achieng, aliyezaliwa kiziwi, alikuwa akilelewa katika kituo kimoja cha watoto Kisumu. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya ukarani na viatu vya kisigino, basi nikajiona mtu.

Nyumbani Ahero tulikuwa na lugha yetu ya mikono, tuliyoitunga wenyewe jikoni. Kugonga kifua kwa ngumi, naumia. Kuvuta sikio, twende nyumbani. Aliyetuelewa ni Dani tu, nyanya yetu, naye nusunusu.

Siku hiyo Achieng aligonga kifua, akavuta sikio, akagonga tena, huku akimtupia macho mama mlezi aliyesimama kando yetu. Wageni walikuwa wakitutazama. Nikaona haya kurusha mikono mbele za watu kama mshamba. Nikamgeukia mlezi: "Anasema nini, Mama?"

"Anasema ameshiba, anashukuru," akajibu akicheka. "Huyu hana shida."

Nami nikamshukuru! Nikamwachia na mchele wa kwetu, kilo mbili.

Shule zilipofungwa, Achieng alikuja nyumbani, Dani akamwogesha, akakuta alama za waya mgongoni, mbichi juu ya kuukuu. Akaniita, akaniuliza kama mtoto hakuniambia. Nikasema aliniambia, lakini mlezi alisema...

"Mtoto alikuambia na mkono yake," Dani akanikatiza. "Halafu wewe unaenda kuuliza ule mtu anamchapa. Wewe ndio kiziwi, nyathina, mtoto wangu."

Tulikwenda kwa chifu. Mlezi alikuwa ameshahamia kituo kingine, kwa watoto wa wenzetu. Achieng hakurudi kule. Alikaa nasi miaka mingi, akaongea na Dani, akaongea hata na majirani. Mimi nikiingia, aliweka mikono mapajani.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Walezi wema wapo, tena wengi, sikatai. Ila kikulacho ki nguoni mwako. Ukimpeleka nduguyo kituoni, usingoje siku ya wageni, nenda wasipokutarajia. Mwombe mlezi awapishe. Mwogeshe mwenyewe, umtazame mgongo. Akikuambia jambo, kwa mdomo, kwa mkono au kwa kilio, mwamini yeye kwanza, na watu wakikucheka, wacha wacheke.

Mungu akutunze, mwanangu, na yeyote utakayemlea asiache kukuambia.