Mawe Yasiyofoka

Nisikilize kwa utulivu, maana jambo hili nimelifundisha vibaya miaka mingi, na kosa langu halikuishia ubaoni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Temeke. Darasani nilikuwa nasema: chini ya ardhi mawe yameyeyuka kama uji, joto likizidi yanafoka, ndiyo volkano. Kaka yangu, fundi makochi wa Keko, alipofiwa na mkewe hakulia. Msibani shangazi akasema, "Mwacheni. Akijaa atafoka mwenyewe." Nami, kwa ualimu wangu, nikaunga mkono. Neno lilikuwa lile lile: mlima hufoka, mtu hufoka. Tukamwacha. Mwezi, miwili, mitano.

Kisha asubuhi moja nikasoma kitabu cha chuo. Kumbe sehemu kubwa ya mawe ya huko chini, pamoja na joto lote lile, ni magumu. Mgandamizo, yaani uzito wa yote yaliyoyalalia, unayazuia kuyeyuka. Na yaliyoyeyuka, kwenye vina vikubwa mno ndani ya sayari, huweza kubanwa hadi yakawa mazito kuliko mawe yanayoyazunguka. Hapo hayapandi tena. Yanazama.

Nilimfuata kaka karakana kwake asubuhi ile ile. Alikuwa amekonda, suruali kaifunga kwa kamba ya kushonea makochi. Nikakandamiza kipande cha sponji kwa viganja viwili.

"Ona, kaka. Sponji ni ile ile, haijapungua kitu, ila imekuwa ndogo. Uzito wote umejikusanya mahali padogo. Uji wa mawe nao hivyo hivyo."

"Ticha, umekuja kunipa homuweki?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Tulidhani utafoka, kumbe unazama."

Aliichukua sponji mikononi mwangu, akaipima kwenye fremu ya kochi. "Mie nilidhani mmenichoka."

Nilitaka aseme zaidi. Wali niliombebea alikula vijiko vitatu, akarudi kazini. Tangu hapo nakwenda kila siku na sioni nafuu. Siku nyingine hata vijiko hivyo havifiki. Wanafunzi nimewasahihisha kwa kipindi kimoja tu. Yeye, sijui kama nimemwahi.

Kama kwenu yupo aliyefiwa akanyamaza, usingoje alie. Nenda kwake leo, kaa, umwulize amekula nini.