Nilivyopeleka Filamu ya Mpakani kwa Mkwe, Kisiba

Nilikwenda Kisiba kutafuta mke, nikabeba televisheni, deki ya video na jenereta, maana kule umeme haukuwepo. Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na video zikaingia, kazi yangu pale Tukuyu ilikuwa kutafsiri filamu kibandani. Mzee Ambakisye, baba yake Sekela, hakuipenda hata kidogo. "Simpi binti yangu mtu anayeshinda akisema uongo," alinijibu nilipokwenda mara ya kwanza. "Tena mtu wa kutoka Kinyala, si wa kwetu huku."

Roho iliniuma, maana Sekela nilimpenda kweli. Basi nikachagua kanda ya nchi iliyogawanyika: binti wa kaskazini, mpelelezi wa kusini, baba jenerali anayewakataza, risasi juu ya risasi. Lugha yao sikuijua hata neno moja. Hilo halijawahi kunisumbua.

Asubuhi, Tukuyu. Mvua, kama kawaida yake. Nikadandia pikapu ya wachuuzi wa ndizi, kwa koti langu nikaifunika televisheni, mimi nikalowa. Jenereta lilinigonga miguu njia nzima.

Mchana, Kisiba. "Ugonile, baba," nikasalimia kwa adabu zote. Mzee akaitikia huku akiitazama televisheni. Sebule ikajaa. Mke wa mwanawe naye alitaka kuingia, na kwetu mkamwana haonani na baba mkwe, kwa hiyo Mzee akaamuru shuka litundikwe katikati, wanawake wote wakae nyuma yake. Wanaume wakapata picha. Mkamwana, Mama Sekela na Sekela mwenyewe wakapata sauti yangu tu.

Nikatafsiri kwa moyo wote. Jenerali alipolala chini na risasi kifuani, nikatoa sauti nzito ya majuto: "Nisameheni wanangu. Ningewaacha muoane, haya yote yasingetokea."

Nyuma ya shuka wanawake wakalia. Mzee akakohoa.

"Kijana, huyu si ameshakufa?"

"Anakata roho, baba."

"Mbona mdomo umefumba?"

Nikainama kuigusa deki, kana kwamba kosa ni lake. Nikajua Sekela ndiyo basi tena.

Ndipo Mama Sekela akasema kutoka nyuma ya shuka, "Mdomo sisi hatukuuona, Baba Sekela. Tumesikia mzazi anajuta. Na wewe unangoja ufe ndipo ujute?"

Mzee akalitazama lile shuka aliloamuru mwenyewe litundikwe.

"Haya, lete ng'ombe," akaniambia. "Lakini uje na mshenga. Wewe usiseme neno."

Jioni, njia ya kurudi Tukuyu, nilicheka peke yangu juu ya mikungu. Nilikuwa nimejifunza kwamba filamu nzuri kuliko zote ni ile ambayo mama mkwe haioni.

Siku ya posa nilitii. Mshenga alinisifu mpaka nikaona haya: mpole, mchapakazi, sijawahi kusema uongo tangu nizaliwe. Mzee Ambakisye akanitazama mdomo. Ulikuwa umefumba.